Jozi ya riwaya na filamu maktabani: mwongozo kwa wanaoanza Lubumbashi

Kujaza watu kwenye filamu hakuhitaji mwongozo. Bandika tangazo langoni kwamba Jumamosi kuna filamu ya bure, na viti vitajaa, iwe ni katika mitaa ya Katuba, Kamalondo au Kenya hapa mjini. Kazi inaanza taa zikishawashwa. Watu hunyanyuka, hunyoosha viungo, huagana, na kile kitabu ambacho filamu ilitoka ndani yake hubaki rafuni na vumbi lake. Mwongozo huu ni wa mkutubi, mwalimu au kijana wa kujitolea mwenye chumba kimoja, viti vya plastiki na rafu ya vitabu vya Kifaransa vilivyochoka, ambaye anataka watu hao waondoke na kitabu kwapani.

Kwa maoni yangu, usichague filamu kwa sababu inafanana na kitabu. Chagua kwa sababu inaachana nacho mahali fulani, halafu usomaji, tarehe na maswali yote uyapange kuzunguka mahali hapo. Mtu akishaona kwenye ukuta kila kilichomo kitabuni, atakisoma kwa nini tena? Lakini ukimwambia kwamba kitabuni mambo yalikwenda vingine, atakifungua, walau kwenye ukurasa ule.

Hatua ya 1: Tafuta mahali zinapoachana

Anza na Les Misérables ya Victor Hugo (1862), kwa kuwa hakuna mwanafunzi wa sekondari ambaye hajasikia habari za Jean Valjean. Ametoka kifungoni, amekaribishwa na askofu, usiku amemwibia vyombo vya fedha, polisi wamemrudisha, na askofu, badala ya kumshtaki, amemwongezea vinara viwili vya mishumaa. Filamu nyingi hukata hapo na kuruka miaka kadhaa: Valjean ameshakuwa tajiri na meya. Kitabuni kuna jambo katikati. Akiwa bado na vyombo vile mkobani, Valjean anakutana uwandani na mtoto aitwaye Petit-Gervais, anayetembea huku akirusharusha sarafu zake. Sarafu ya su arobaini inaanguka na kubingirika hadi miguuni pake. Valjean anaikanyaga. Mtoto anaomba, anamvuta, analia, na kiatu hakiinuki. Ni baada ya mtoto kukimbia ndipo mtu yule anaona alichokifanya. Filamu ya Bille August ya 1998 inamruka mtoto huyu, na ile ya kuimba ya Tom Hooper ya 2012 vilevile. Sura yenyewe ni ya mwisho katika kitabu cha pili cha sehemu ya kwanza, na ni fupi kiasi kwamba unaweza kuisoma kwa sauti kabla watu hawajapata hamu ya kuondoka. Hapo umepata jozi.

Tahadhari moja: filamu ya Ladj Ly ya 2019 inaitwa jina hilohilo, lakini si hadithi ya Hugo. Ni habari za polisi na vijana wa Montfermeil ya leo, mji ambao Hugo aliweka ndani yake nyumba ya wageni ya akina Thénardier. Ni filamu nzuri, ila ukiionyesha kama Les Misérables ya kitabu, wanafunzi watakuuliza Cosette, yule msichana anayelelewa na Valjean, yuko wapi, na watakuwa na haki.

Kwa watu wazima wa mji huu, chaguo langu la kwanza ni Germinal ya Émile Zola (1885) pamoja na filamu ya Claude Berri ya 1993. Ni hadithi ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Ufaransa, na Zola alikwenda mwenyewe Anzin mwaka 1884, wakati wa mgomo, kutazama mashimo na nyumba za wafanyakazi. Katika sura ya kwanza mzee Bonnemort anakohoa, anatema mate meusi chini karibu na moto, na anaeleza kwamba mwilini mwake ana makaa ya kutosha kumpasha joto mpaka kufa. Ana miaka 58 na alishuka shimoni kabla ya kutimiza minane. Msomee ukurasa huo mzee aliyewahi kushuka shimo la mgodi wa Kipushi, uone kama atakuacha umalize bila kukukatiza. Kitabuni kuna hata kilima cha taka za mgodi, terri, kinachotawala macho kama terri yetu pembeni ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini.

Filamu na kitabu vinaachana kwenye mwendo. Zola anatumia sehemu nzima ya kwanza, sura 6 kati ya 40, kwa siku moja tu: kijana Étienne, mhusika mkuu, anafika usiku, anapata kazi, anashuka, anapanda. Filamu ya saa mbili na dakika arobaini haiwezi kukaa kwenye siku moja namna hiyo. Ina mgomo wa kusimulia. Anayesoma kwanza ile siku moja anajua gharama ya kila kikapu cha makaa kabla hajaona mtu yeyote akigoma. Na mgomo si habari ya mbali hapa: wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma Desemba 1941, mji ukiitwa bado Élisabethville, na askari waliumaliza kwa risasi. Usilete watoto kwenye filamu hii. Kuna miili uchi, na yanayompata mwenye duka Maigrat hayafai macho ya mtoto wa miaka kumi.

Ya tatu ni hazina kwa klabu za Kiingereza, na nashangaa haitumiki zaidi: The African Queen ya C. S. Forester (1935), na filamu ya John Huston ya 1951, ambayo sehemu ya picha zake zilipigwa hapahapa Kongo na nyingine Uganda. Mwanamke wa misheni na fundi wa boti bovu wanashuka mto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakitaka kuizamisha meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Kwenye filamu wanafaulu, kwa bahati ya ajabu. Kitabuni boti yao inazama katika dhoruba kabla ya kufanya lolote, na kazi inamalizwa na mashua za jeshi la Uingereza zilizofika wakati huo. Hebu fikiria: kurasa zote zile za kuhangaika, halafu wengine wanakuja kumaliza. Wapo watakaosema mwandishi amewadhulumu. Wengine watasema vita ndivyo vilivyo. Waache wagombane.

Kisha waambie kisa cha kweli kilichomo nyuma ya hadithi, maana kimepita kwenye reli yetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town, zikapitia Élisabethville hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikapanda treni tena hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, na mwishowe zikafika Tanganyika, pale ilipo Kalemie. Desemba 26, 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani yenyewe iliyokwisha kupewa jina Fifi, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Iliinuliwa baadaye, na ndiyo Liemba ya Kigoma. Katika riwaya na katika filamu Waafrika ni watu wa pembeni tu, wanaokimbia au kuchomewa kijiji. Muulize kila mmoja: katika kisa cha kweli, nani alikata ile barabara ya Mitumba? Swali hilo peke yake linatosha kwa jioni nzima.

Kama maktaba yako ina wasomaji wasio na muda, chukua Le Mandat ya Ousmane Sembène, hadithi inayosomwa kwa siku mbili, na filamu aliyoitengeneza mwenyewe mwaka 1968, Mandabi, ya Kiwolofu. Nitairudia hapo chini. Heart of Darkness ya Conrad, ambaye alipanda mto Kongo mwaka 1890, na Apocalypse Now ya 1979, iliyohamisha hadithi hadi Vietnam, usianze nayo. Inafaa kundi lililokwisha kuzoeana, lenye ubavu wa kusoma pia hotuba ya Chinua Achebe ya 1975 dhidi ya kitabu hicho.

Hatua ya 2: Hesabu vitabu kabla ya viti

Jozi ya nakala mbili za kitabu na watu arobaini ni sinema, si maktaba. Tafuta nakala kwa wiki kadhaa kabla ya kutangaza: shule, maparokia, walimu wastaafu, wauza vitabu vya mitumba mjini. Hugo alifariki 1885 na Zola 1902, kwa hiyo maandishi yao ni mali ya umma. Unaweza kuyachukua bure kwenye tovuti za Gallica, Wikisource au Project Gutenberg, ukayaweka kwenye simu za watu, na ukachapisha sura unazozihitaji kwenye kibanda cha fotokopi. Usichapishe kitabu kizima: sura ya Petit-Gervais na sura za mwanzo za Germinal zinatosha kwa wiki ya kwanza. Sembène amefariki 2007, na vitabu vyake bado vina mwenyewe. Hivyo vinunuliwe au viazimwe, visidurufiwe.

Hatua ya 3: Ruhusa ya kuonyesha

Hapa wengi hujidanganya mara mbili. Kwanza wanadhani kitabu kikiwa huru, filamu yake nayo ni huru. Sivyo, Les Misérables ya 2012 ina wenyewe hata kama Hugo amelala kaburini Panthéon, Paris, tangu 1885. Pili wanadhani DVD iliyonunuliwa, au faili iliyowekwa kwenye flash na kijana wa kibanda, inaruhusu kuonyesha hadharani ilimradi kiingilio ni bure. DVD ya dukani ni ya sebuleni.

Njia nyepesi kwa Lubumbashi ni kuanzia Halle de l'Étoile, yaani Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Taasisi hiyo ina mtandao wake wa filamu kwa maonyesho yasiyo ya biashara, pamoja na Cinémathèque Afrique, inayotunza filamu za Kiafrika. Andika barua yenye jina la filamu, tarehe, ukumbi, idadi ya viti, na sentensi inayosema hakuna kiingilio. Kwa filamu wasizokuwa nazo, muandikie msambazaji moja kwa moja, na uulize SOCODA, shirika la haki za waandishi hapa nchini, taratibu za upande wetu. Usitangaze tarehe kabla ya jibu. Majibu huchelewa, na ni heri ubadili jozi kuliko ubadili tangazo.

Hatua ya 4: Umeme, mwanga, mabati

Panga kana kwamba SNEL, shirika la umeme, haipo. Projekta ya kawaida na kompyuta ya mkononi havili umeme mwingi. Jenereta ndogo ya kilowati moja inavibeba vyote pamoja na spika moja ya wastani. Iweke nje, mbali na madirisha, kwa ralonji (waya wa kurefusha) ndefu: kelele yake huua mazungumzo, na moshi wake huua watu. Ukiweza kupata onduleur, yaani betri ya akiba, iunge kati ya umeme na projekta, ili delestaji (umeme kukatwa) ikija uwe na dakika za kuwasha jenereta bila kuanza filamu upya.

Spika za kompyuta hazitoshi. Azima mabafle, yaani spika kubwa, ya kwaya. Shuka jeupe lililonyooshwa vizuri ni skrini nzuri kuliko ukuta uliopakwa rangi ya krimu. Ukionyesha mchana, ziba madirisha kwa bashi (turubai) nyeusi siku moja kabla, na uingie ndani saa ileile ya maonyesho uone mwanga unapenyea wapi.

Zaidi ya yote, angalia paa. Kama ni la mabati, usipange filamu kati ya Novemba na Machi. Mvua ya Lubumbashi ikiamua, hakuna bafle litakaloshindana nayo. Miezi mizuri ni Mei, mwanzo wa Juni kabla akili za wanafunzi hazijamezwa na Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, na tena Septemba. Juni na Julai jioni ni baridi. Sema kwenye tangazo watu waje na kitenge cha kujifunika.

Hatua ya 5: Wiki nne, na mahali pa kusimama

Wiki ya kwanza soma kwa sauti kurasa za mwanzo, kisha ugawe nakala. Weka ukanda wa karatasi ndani ya kila kitabu, mahali unapotaka watu wasimame. Kwa Germinal ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Kwa Le Mandat ni pale Dieng, aliyetumiwa hela na mpwa wake, anaporudishwa na karani wa posta kwa sababu hana kitambulisho. Kwa Les Misérables ni vinara vya askofu. Wiki ya pili wanasoma nyumbani, na wewe unabaki maktabani siku moja ya jioni kwa wale ambao Kifaransa kinawapiga chenga. Someni pamoja, elezeni kwa Kiswahili, msione haya. Wiki ya tatu ni filamu. Wiki ya nne ni mazungumzo juu ya yale yaliyo ng'ambo ya ukanda.

Utaratibu huu unavunja mazoea ya shule, ambako filamu ni zawadi ya aliyemaliza kitabu. Ukisubiri wote wamalize Germinal, utaionyesha kwa watu wanne.

Hatua ya 6: Siku ya filamu

Fika mapema ujaribu faili nzima, si dakika ya kwanza tu. Angalia maandishi ya chini: kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, faili ya maandishi yenye jina sawasawa na la filamu hujifungua yenyewe. Mandabi itahitaji maandishi ya Kifaransa, na wa nyuma hawatayaona, kwa hiyo ongeza ukubwa wa herufi na uwaweke wazee mbele. Mahali pagumu simamisha filamu, mtu mmoja mwenye sauti aeleze kwa maneno machache, uendelee. Usisimamishe zaidi ya mara tatu; watu watakasirika, na watakuwa na haki.

Vitabu viwe mezani mlangoni, vimefunguliwa, vikiwa na rejista ya kuazima na kalamu inayoandika. Visiwe rafuni. Mtu anayetoka kwenye filamu ana dakika mbili za hamu, hana zaidi.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Usiulize «kipi ni bora, kitabu au filamu?» Watagawanyika pande mbili na kila mmoja atarudia neno lake. Uliza jambo linaloonekana kwa macho.

Chukua Mandabi. Kitabu kinaanza na mtu wa posta, jasho likimtoka, akikokota pikipiki yake ndogo mchangani kuelekea nyumba ya Dieng, na wake zake wawili ndio wanaompokea. Filamu inaanza na Dieng mwenyewe chini ya mti, ananyolewa, na kinyozi anamsafisha mpaka ndani ya pua kwa wembe. Kwa nini Sembène, aliyeandika kitabu na kutengeneza filamu, hakuanzia mahali pamoja? Mmoja atasema kwenye filamu alitaka tumwone kwanza mwanaume anayejipenda, asiye na senti, kabla ya hela kufika. Mwingine atasema kitabuni tunajua habari za hela kabla yake, na hilo linatufanya tumhurumie au tumcheke. Wote wawili watakuwa wameangalia kwa makini, na hicho ndicho ulichotaka.

Baada ya hapo lete mambo nyumbani. Mpwa wake anayefagia barabara Paris ametuma faranga 25,000. Sehemu kubwa si ya Dieng hata kidogo, lakini mtaa mzima umeshajua na wakopaji wamepanga foleni. Posta inadai kitambulisho, kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa, cheti kinadai tarehe ambayo hakuna aliyeiandika. Vijana wa Airtel Money na M-Pesa watasema hayo ni ya zamani. Mama mmoja nyuma atauliza: na wewe carte d'électeur (kadi ya mpiga kura) yako ikipotea, utatoa hela kwa nini? Kuanzia hapo wewe kazi yako ni kutunza saa.

Kwa Les Misérables na wanafunzi, subiri. Kuna atakayeuliza mwenyewe, «Ule mutoto wa sarafu, eko wapi mu filme?» Usimjibu. Mpe kitabu awasomee wengine, kisha waandike kwa kikundi, kwa Kiswahili au Kifaransa, tukio lile kama wangelipiga picha wao: kamera iko wapi, kwenye uso wa mtoto au kwenye kiatu? Kazi hiyo haihitaji kamera yoyote.

Hatua ya 8: Kupima

Idadi ya waliokuja haikuambii kitu. Vitabu vikirudi, tazama ule ukanda wa karatasi. Kama bado uko palepale ulipouweka, msomaji alisimama kwenye filamu. Kama umesogea, au umekunjwa mahali pengine, aliendelea. Andika kwenye rejista, pembeni ya jina, ukurasa ambapo ukanda ulikutwa. Kanda nyingi zisiposogea, jozi ijayo iwe na kitabu chembamba zaidi, na mahali pa kusimama pasogezwe karibu na jambo lenye mvutano. Zikisogea, waulize waliofika mwisho ndio wachague jozi inayofuata, kutoka kwenye orodha ya filamu ambazo ruhusa yake unayo tayari mkononi.